Wagonjwa Wao Wanatoka Wapi?

Kozi niliyoitaka haikuwamo kitabuni. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, kombi ya PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, na mwalimu wetu wa baiolojia alikuwa ametuachia hamu ya masomo mawili: fiziolojia, inayoeleza mwili wenye afya unavyofanya kazi, na patholojia, inayoeleza mwili unavyoharibika ukiugua. Nikaazima mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kwa mwenzangu aliyekuwa akiishi Katesh, mji wa wilaya yetu ya Hanang, nikaupekua ukurasa kwa ukurasa nikitafuta shahada ya kwanza yenye majina hayo. Sikuiona. Kulikuwa na udaktari wa binadamu, uuguzi, famasia, sayansi ya maabara za afya, fiziotherapia, udaktari wa mifugo. Fiziolojia na patholojia hazikuwa na mlango wao wenyewe.

Vijana wa Hanang na Mbulu wanaoniuliza habari za chuo huja na swali lile lile, nami huanzia hapo. Kwetu masomo hayo mawili hukaa ndani ya shahada nyingine. Anayesomea udaktari wa binadamu hukutana na fiziolojia mapema, pamoja na anatomia na baiokemia, kisha patholojia inakuja kabla hajazama kwenye kazi za wodini. Udaktari ni miaka mitano na mwaka mmoja wa utarajali. Anayetaka kuwa bingwa wa patholojia, yule anayesoma kinyama kwenye hadubini na kuandika kwamba hii ni saratani au siyo, huongeza miaka kadhaa ya shahada ya umahiri. Anayesomea maabara huyapata masomo hayo kwa upande wa mikono: ndiye anayepokea damu, makohozi na vinyama, akavitayarisha, akavipima, akasimamia ubora wa majibu. Anayesomea udaktari wa mifugo huyapata yote mawili kwa upande wa wanyama. Kwa udaktari wa binadamu TCU inataka angalau alama D katika fizikia, kemia na baiolojia, jumla ya pointi sita. Hiyo ni sifa ya kuomba tu. Waombaji ni wengi kuliko nafasi, na wenye alama za juu ndio wanaotangulia.

Mimi ni wa Getanuwas, huku Hanang, mkoani Manyara, nyumba ya wafugaji wa Kibarabaig. Kwetu mtoto akifaulu, chuo kinakuwa jambo la ukoo, kwa sababu ng'ombe wa nauli, godoro na ada ya kuanzia hawatoki kwenye boma moja. Kila anayechangia ana haki ya kusema. Baba mdogo alitaka niende Muhimbili, kwa kuwa ndilo jina alilolisikia redioni maisha yake yote. Kaka yangu alipenda Dodoma: chuo kikubwa, kilichoanza mwaka 2007, na si mbali sana na sisi. Mjomba alishikilia kwamba mtoto wa mfugaji asomee mifugo. Mama alitaka uuguzi pale Haydom, upande wa Mbulu, hospitali ambayo Wanorwe wa misheni ya Kilutheri waliifungua mwaka 1955 na ambayo nusu ya majirani zetu wamezaliwa humo. Kila mmoja alikuwa na sababu njema.

Baba hakuwahi kukaa darasani. Alisikiliza wote mpaka wakamaliza, halafu akauliza, "Hospitali ya hicho chuo, wagonjwa wao wanatoka wapi?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Akafafanua kwamba dume la mnadani mtu halinunui kwa ukubwa wa mnada. Unauliza limekulia malisho gani, maana dume lisilozoea kupe wa kwako litakufa kwa ndigana kabla hujaliona zizini mwaka mmoja. Wazee wakatikisa kichwa kukubali. Mimi nikabaki na lile swali, na nimekaa nalo mpaka leo, kwa kuwa sijaona kipimo kingine cha kuchagulia chuo cha afya kinacholishinda.

Patholojia haisomwi kwa picha za kitabuni peke yake. Mwanafunzi anajifunza ugonjwa aliouona, na anaouona ni ule uliompandisha mtu basi mpaka kwenye hospitali ya chuo. Chuo kilicho ufukweni mwa Ziwa Victoria kitamwonyesha kichocho mpaka akitambue bila kuambiwa. Chuo kilicho katikati ya jiji kubwa kitamwonyesha kisukari, shinikizo la damu na ajali za pikipiki. Je, kipi kitamwonyesha magonjwa ya Getanuwas?

Magonjwa hayo niliyajua kwa sura. Bibi yangu, mama mzaa baba, alivimba tezi upande mmoja wa shingo. Zilipasuka, zikawa zinatoa usaha, zikakauka, zikapasuka tena. Alipelekwa hospitali, wakamchukua kinyama, wakasema hapo hakuna wa kukisoma, kitasafirishwa. Majibu hatukuyapata. Tulifuatilia, tukaambiwa turudi, tukarudi, mwishowe bibi mwenyewe akasema ng'ombe wanaouzwa kwa nauli wanatosha. Alipewa dawa kwa kukisia. Kwa miaka mingi nilidhani majibu ya kinyama ni kitu ambacho watu wa kwetu hawapewi.

Kulikuwa na watoto wenye meno ya kahawia yenye vishimo, na wazee waliokakamaa viungo, tukiambiwa ni maji. Ni kweli ni maji. Ukanda wa Bonde la Ufa una miamba ya volkano, na Mlima Hanang wenyewe, wenye mita 3,420, ni volkano iliyozimika. Maji yanayopita kwenye miamba hiyo hubeba floridi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kaskazini mwa Tanzania viko visima vinavyozidi kiwango hicho mara nyingi. Floridi ikizidi wakati jino la mtoto linajengeka chini ya fizi, gamba la jino haliivi sawasawa. Ikizidi kwa miaka mingi, inaingia kwenye mifupa. Hapo fiziolojia na patholojia ni hadithi moja: mwili unapokea madini kwa njia ile ile unayotumia kujenga mfupa mzuri, na kwa njia hiyo hiyo unaumia.

Na kulikuwa na homa. Kwetu kila homa ilikuwa malaria mpaka mtu apone au afe.

Wakati wangu maombi yote yalipitia mfumo wa pamoja wa TCU, ulioanza na udahili wa mwaka 2010/2011, nawe ulipanga kozi na vyuo kwa kadiri unavyovipenda. Mfumo huo ulikoma mwaka 2017. Siku hizi mwombaji anaomba moja kwa moja chuoni, na akichaguliwa na zaidi ya kimoja anathibitisha kimojawapo. Kabla ya kujaza nilikwenda Katesh kumuuliza muuguzi mmoja, mtu wa kabila letu, wanaoshindikana wanapelekwa wapi. Akasema wengi wa rufaa wanakwenda Moshi, KCMC. Jibu la swali la baba likawa limepatikana kwa sentensi moja. Hospitali ile ilifunguliwa mwaka 1971, iko chini ya Shirika la Msamaria Mwema, na ni ya rufaa kwa Kanda ya Kaskazini, Manyara ikiwamo. Chuo chake kilianza mwaka 1997. Niliandika sayansi ya maabara za afya, Moshi, mstari wa kwanza. Muhimbili nikaiweka ya pili, Bugando ya Mwanza ya tatu.

Nilichaguliwa Moshi. Nieleze kitu kimoja kwa karibu, maana hapo ndipo uchaguzi wangu ulipopata uzito.

Kinyama kinafika maabara ya histolojia kikiwa kwenye chupa ya formalini, na fomu imefungwa kwa raba. Kinapimwa kwa rula, kinakatwa, kinaingizwa kwenye kijisanduku cha plastiki chenye matundu. Usiku kucha kinapitishwa kwenye alkoholi ili maji yatoke, kisha kwenye zailini, kisha kwenye nta iliyoyeyushwa. Asubuhi ni kitofali cha nta. Unakifunga kwenye mikrotomu, unazungusha gurudumu, na kisu kinatoa utepe mwembamba wa maikromita tatu mpaka tano. Utepe huo unaelea juu ya maji ya vuguvugu, nawe unauokota kwa slaidi, taratibu, maana ukivuta pumzi vibaya unajikunja. Ndipo unapakwa rangi: hematoksilini inavitia viini vya seli bluu ya zambarau, eosini inatia waridi kila kilichobaki. Kazi hii haifundishiki kwa maneno. Mwanafunzi anaharibu vipande vingi, na chuo kizuri ni kile chenye vinyama vya kutosha na mikrotomu za kutosha ili aharibu na arudie.

Siku moja fomu iliyofungwa kwenye chupa ilikuwa imeandikwa Hanang. Mwanamke, tezi ya shingo. Niliikata mimi. Mwalimu alipoweka slaidi kwenye hadubini akaniita nitazame: katikati nyama imekufa, waridi tupu isiyo na umbo, pembeni seli kubwa zenye viini vingi vilivyojipanga nusu duara. Tukapaka rangi ya Ziehl-Neelsen, tukatafuta kwa muda mrefu, tukaviona vijiti vyekundu vichache juu ya bluu. Kifua kikuu cha tezi. Mwalimu akatuzuia tusiseme zaidi ya tulichokiona: hadubini haiwezi kutenganisha bakteria wa kifua kikuu cha binadamu na yule wa ng'ombe, *Mycobacterium bovis*. Kwa hilo lazima vioteshwe au vipimwe vinasaba.

Akatueleza kuwa jambo hilo lilikwisha kufanyiwa kazi nchini. Mwaka 2001 watafiti wakiongozwa na Rudovick Kazwala wa Chuo Kikuu cha Sokoine, SUA, walichapisha kwamba wamemwotesha bakteria wa ng'ombe kutoka kwenye tezi za shingo za wagonjwa wa Tanzania. Njia kubwa ya bakteria huyo kufika kwa binadamu ni maziwa yasiyochemshwa. Nilikaa kimya pale darasani. Nyumbani maziwa mabichi ndiyo chakula cha mgeni, na cha bibi yangu pia. Siwezi kusema tezi za bibi zilitokana na nini, kinyama chake hakikusomwa. Ila yule mwanamke wa Hanang alipata majibu yaliyoandikwa, na dawa sahihi ya miezi iliyopangwa.

Huo ndio utajiri ninaouzungumzia. Chuo kilichojaa wagonjwa wa kwenu kinauliza maswali ya kwenu. Pale pale Moshi, KCMC na hospitali ya mkoa ya Mawenzi, mwaka 2007 na 2008 watafiti wakiongozwa na John Crump walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa kali. Madaktari walikuwa wamewaandikia malaria asilimia 60.7 ya hao. Vipimo vya uhakika vilipofanywa, waliokuwa na malaria kweli walikuwa asilimia 1.6. Kati ya waliopimwa magonjwa ya bakteria yanayotoka kwa wanyama, robo na zaidi kidogo walikuwa nayo: brusela, leptospira, homa ya Q na jamaa zake. Taarifa ilichapishwa mwaka 2013. Kwa mtoto wa wafugaji, kuisoma kurasa zile katika jengo lile lile zilikotokea ilikuwa kama kusikia watu wa nyumbani wakitajwa kwa majina. Homa zetu zilikuwa na majina yake, nasi tulikuwa tunazinyima majina hayo.

Historia ya Afrika Mashariki ina mfano mkubwa zaidi. Mwaka 1957 huko Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya, na baada ya muda akaona wengine. Mwaka uliofuata akachapisha. Mulago ilikuwa hospitali ya kufundishia ya Makerere, na idara yake ya patholojia ilikuwa ikitunza kumbukumbu za saratani za Kampala, kwa hiyo kulikuwa na pa kulinganishia. Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili wakaondoka na gari kuukuu kuzunguka hospitali za kusini, Tanganyika ikiwamo, wakiuliza nani ameona uvimbe huo na nani hajauona. Uvimbe ulifuata maeneo ya joto na mvua. Mwaka 1964 ndani ya seli zake kikaonekana kirusi cha Epstein-Barr, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Hayo yote yalianzia kwenye wodi ya watoto ambayo mtu alijali wanaoingia humo wanatoka wapi.

Fiziolojia nayo ilinipa zamu yangu ya kujivunia. Vitabu vingi vilituambia watu wazima wengi duniani hawamudu sukari ya maziwa, kwa sababu kimeng'enya cha laktasi hupungua mtoto akiachishwa ziwa. Halafu mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake wakachapisha utafiti uliohusisha watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan. Walipata mabadiliko ya vinasaba yanayowawezesha wafugaji wa Afrika Mashariki kunywa maziwa hadi uzeeni, na ni tofauti na yale ya Wazungu. Mababu zetu walikunywa maziwa, na miili ikajibu kwa njia yake. Kwa hiyo maziwa ya kwetu yana kurasa mbili kwenye elimu hii, moja ya afya na moja ya ugonjwa, na mwanafunzi wa Kibarabaig ana haki ya kuzisoma zote. Nikirudi nyumbani sisemi acheni maziwa. Nasema yachemsheni. Kauli ya kwanza ingemkasirisha mtu yeyote mwenye akili, na ya pili sasa inasikilizwa, japo ladha bado inalalamikiwa.

Sasa, wanaoniuliza nawaambia wafanye nini? Nawaambia wapande basi wakakione chuo kama nauli ipo, na kama haipo wampate mwanafunzi aliyeko huko. Waulize hadubini moja inatumiwa na wanafunzi wangapi. Waulize kama vipimo vya histolojia vinafanyika palepale au vinapelekwa kwingine, kwa sababu chuo kinachosafirisha vinyama kinasafirisha na masomo. Waulize ni mwaka gani mwanafunzi anaruhusiwa kushika sampuli ya mgonjwa. Wahakikishe kozi imeidhinishwa na TCU na mhitimu anasajiliwa na baraza la taaluma yake; kwa maabara ni Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya. Hili si la kupuuza. Mwaka 2017 TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na ziko familia zilizokwisha uza mifugo zikitegemea vyuo hivyo.

Fedha nazo zizungumzwe wazi. Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, imewasomesha wengi wetu, lakini mkopo hauji kwa kila aliyeomba, wala hauji wote. Kuna waliopata ada wakakosa bumu, yaani fedha ya kujikimu, wakaishi kwa uji. Mtoto wa boma asiyekuwa na cheti cha kuzaliwa anachelewa tangu mwanzo, kwa hiyo cheti kishughulikiwe akiwa kidato cha nne. Wazazi wa kwetu wasiongojee matokeo ndipo waanze kukitafuta.

Sisemi kila mtu aende Moshi. Muhimbili inapokea saratani za nchi nzima, na shule yake, iliyoanza mwaka 1963 kuwa ya kwanza ya udaktari Tanganyika, ina walimu wa patholojia wa miaka mingi. Mwenye ndoto ya ubingwa huenda akahitaji kupita huko. Haydom, ingawa iko kijijini, ilikuwa kituo kimojawapo cha utafiti wa MAL-ED, wa nchi nane, uliofuatilia watoto tangu kuzaliwa, kuona maambukizi ya tumbo yanavyowazuia kukua. Mwanafunzi akienda kufanya mafunzo kwa vitendo kule ataona sayansi ya hali ya juu ikifanyika jirani na zizi. Ninachokataa ni ukoo kukaa kikao usiku mzima ukibishania majina ya miji.

Mwaka huu ni zamu ya binti wa kaka yangu. Ana PCB nzuri kuliko yangu. Alikuja kwangu, akanisalimia, tukala, halafu akasema, "Shangazi, mimi nataka SUA, mifugo."

Mama yake amelia kidogo, maana alimwona tayari amevaa koti jeupe hospitalini. Mimi nimemuunga mkono binti. Udaktari wa mifugo wa Morogoro ni miaka mitano, una fiziolojia na patholojia kwa kina, na chuo chenyewe, kilichoanzishwa mwaka 1984, kinabeba jina la Sokoine, aliyekuwa mtoto wa wafugaji. Hoja yake ilikuwa fupi: brusela na kifua kikuu cha maziwa vinaanzia zizini, kwa hiyo yeye anataka kuvikutia huko kabla havijafika shingoni kwa mtu. Nilimuuliza swali la babu yake, kwa lugha ya mifugo, kwamba ng'ombe wanaochunguzwa na chuo hicho wanatoka wapi. Alikuwa ameshauliza. Mwanafunzi wa mwaka wa nne amemweleza juu ya mafunzo ya vitendo kwenye mashamba na machinjioni, na kwamba akipenda anaweza kuomba kuja kuyafanya Manyara.

Tumekubaliana kwamba mpaka dirisha la maombi lifunguliwe atakuwa anamfuata afisa mifugo kwenye josho na siku za chanjo, aone kazi yenyewe ikiwa na vumbi lake. Ataomba SUA, na KCMC kwa akiba. Kaka ameshatenga ng'ombe wa ada, na cheti cha kuzaliwa cha binti kiko kwenye bahasha kwangu.